Safari ya Ndani ya Nchi na Bima Yake

Keti, fungua daftari lako, na weka kalamu tayari, maana leo tutakuwa na maneno ya kuandika. Somo letu ni bima ya msafiri. Sisemi habari za msafiri aendaye Ulaya kwa ndege. Nasema habari za mtu wa Lumemo anayekwenda Mlimba kumwuguza dada yake. Au mkulima wa Ifakara anayepeleka mchele Dar es Salaam. Au kijana anayevuka kwenda Malinyi kutafuta kibarua. Safari za namna hii ndizo tunazosafiri sisi, na ajali haiulizi kama umevuka mpaka wa nchi au hukuvuka.

Kwanza tuelewe neno lenyewe. Bima ni nini? Pengine unadhani ni jambo la watu wa mjini wenye majumba na magari. Sivyo. Wewe unaijua bima tangu zamani, ila huiiti kwa jina hilo. Fikiri chama cha kuzikana. Tuseme watu 100 wa mtaa mmoja wanapatana kutoa shilingi 1,000 kila mtu kila mwezi. Piga hesabu katika daftari lako: mara 100, jumla ni shilingi 100,000. Kwa miezi 12, jumla ni shilingi 1,200,000. Mwenye msiba hupewa sehemu ya fedha hizo kununua sanda, kulisha wageni na kulipa gari. Peke yake asingeweza. Waliobaki hawakupata msiba mwaka huo, wala hawalii kwamba fedha yao imepotea. Wanashukuru Mungu. Hiyo ndiyo bima: wengi wanatoa kidogo kidogo, ili yule mmoja atakayepatwa asianguke kabisa.

Lakini chama cha mtaa kina udhaifu wake. Masika mto Lumemo unapofurika, maji hayachagui nyumba. Wanachama wote wanapatwa kwa siku moja, na mfuko hauwatoshi. Kwa sababu hiyo kampuni ya bima huwakusanya watu wa mahali pengi: wa Ifakara, wa Mwanza, wa Mtwara na wa Arusha, ili hasara ya mahali pamoja ibebwe na wote. Katika nchi yetu Shirika la Bima la Taifa lilianzishwa mwaka 1963. Leo kampuni za bima ni nyingi, na zote zinasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, ambayo watu huiita TIRA.

Sasa tuingie safarini. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni kutoka nchi ya nje anayeingia Zanzibar hutakiwa awe na bima ya safari kutoka Shirika la Bima la Zanzibar. Mgeni huyo anaambiwa mapema: kata bima, ndipo uingie. Lakini wewe, mwananchi unayepanda basi Ifakara alfajiri, hakuna anayekuuliza neno hilo. Je, maana yake huna bima yoyote? La. Bima unayo, tena umekwisha kuilipia ndani ya nauli yako. Shida ni kwamba wengi hawajui, na wanaojua hawana maandishi ya kuidai. Hilo ndilo jambo kubwa la somo letu. Lishike: bima ya msafiri imo katika maandishi.

Sheria ya nchi inamlazimisha kila mwenye gari, na mwenye bodaboda vilevile, kukata bima kabla chombo chake hakijaingia barabarani. Watu huita bima hiyo bima ndogo, au bima ya mtu wa tatu. Huyu mtu wa tatu ni nani? Hesabu kwa vidole. Mtu wa kwanza ni mwenye gari. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni wewe: abiria uliyelipa nauli, au mpita njia aliyegongwa kando ya barabara. Bima ndogo haimtengenezei mwenye gari gari lake. Akitaka hilo, hukata bima kubwa. Bima ndogo iliwekwa kwa ajili yako wewe, mtu wa tatu, ili ukiumizwa na gari lake upate fidia. Ukifa, fidia hiyo ni haki ya watu waliokutegemea.

Hapa yafaa tuseme kweli yote. Bima hii haimlipi kila aliyeumia. Hulipa pale inapoonekana kwamba kosa ni la dereva. Dereva akikimbiza gari na kulipindua kwenye kona, kosa linaonekana. Lakini ukitoka Ifakara kwenda Morogoro, baada ya mji wa Mikumi unapita katikati ya Mbuga ya Taifa ya Mikumi, mahali ambapo tembo, twiga na nyati huvuka barabara. Tuseme dereva anakwenda mwendo wa halali, na mara nyati anaruka mbele ya gari. Kosa la nani? Hapo madai yako yanaweza kuwa magumu.

Kwa hatari kama hiyo iko bima nyingine, iitwayo bima ya ajali binafsi. Hii unakata mwenyewe kwa jina lako. Haiulizi sana kosa ni la nani. Inauliza: je, umeumia kwa ajali, na ajali hiyo ni ya namna iliyoandikwa katika hati? Mtu anayesafiri mara moja kwa mwaka pengine hataihitaji. Lakini mfanyabiashara aliye njiani kila juma, ambaye watoto wake wanamtazamia yeye tu, afike ofisi ya bima aulize bei yake, ailinganishe na faida ya safari moja, kisha aamue.

Bima ya tatu ni ya afya. Msafiri huumia, na tena huugua. Homa ya malaria inaweza kukushika ukiwa mbali na nyumbani. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, kwa nia kwamba kila mwananchi awe na bima ya matibabu. Kama unayo kadi, usiifungie sandukuni ukasafiri bila hiyo. Tena kabla ya kuondoka uliza: kadi yangu inapokewa katika hospitali gani huko niendako? Kadi inayokutibu katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara ina masharti yake, na ni vema uyajue ukiwa mzima kuliko kuyasikia ukiwa umelala kitandani. Kumbuka pia kwamba bima ya afya hulipa matibabu. Hailipi siku ulizokosa kazi, wala shamba lililoota magugu wakati mguu wako umefungwa plasta.

Ya nne ni bima ya mizigo. Mama anayepeleka magunia ya mchele mjini asidhani kwamba bima ndogo ya lori inalinda magunia yake. Lori likipinduka na mchele ukamwagika mtoni, bima ndogo haitamrudishia. Mzigo una bima yake mbali. Watu wachache wenye magunia machache wanaweza kuungana, wakapeleka mzigo mmoja na kuukatia bima moja.

Sasa nikuonye juu ya mambo yanayoweza kukunyima haki yako. Jambo la kwanza ni kupanda lori la mizigo. Najua kwa nini watu hulipanda: basi limekwisha kupita, nauli ya lori ni ndogo, na mvua inakuja. Lakini gari lililokatiwa bima ya kubeba magunia halikukatiwa bima ya kubeba watu. Ajali ikitokea, kampuni itauliza: huyu juu ya magunia alikuwa nani? Hata lifti ya bure katika gari la rafiki si sawa na kiti cha basi ulicholipia, maana sheria haikuilazimisha bima ndogo kumlinda asiyelipa nauli. Nauli ndogo ya lori inaweza kuwa ghali kuliko zote.

Jambo la pili ni tiketi. Tazama tiketi yako kabla hujaitia mfukoni. Isome neno kwa neno. Jina ni lako? Tarehe ni ya leo? Utokako na uendako vimeandikwa sawasawa? Namba ya gari ipo? Mara nyingine mkatisha tiketi, kwa haraka yake, huandika jina moja tu kwa watu watatu, au huacha mahali pa jina patupu. Usione haya. Mrudishie kwa adabu, umwambie, "Ndugu, niandikie jina langu." Unalo jina, na sasa unajua kulisoma.

Kwa nini jina ni jambo kubwa hivyo? Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria karibu na kisiwa cha Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa. Katika siku zile za kwanza viongozi walieleza kwamba idadi ya waliopanda haikujulikana kwa hakika, kwa sababu mkatisha tiketi naye alikuwa amekufa, na mashine yake iliyohifadhi hesabu ilikuwa imepotea majini. Fikiri uchungu wa jamaa waliosimama ufukoni, wasijue kama ndugu yao alipanda au hakupanda. Msafiri mwenye busara huwaachia watu wa nyumbani maandishi: ninapanda chombo gani, siku gani, kwenda wapi.

Na sisi wa bonde la Kilombero tunajua habari za vivuko. Mwezi wa Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka mtoni katika dhoruba, kikiwa na watu na magari. Mwaka 2018 Daraja la Magufuli lilifunguliwa, lenye urefu wa meta 384, na watu wa Ulanga na Malinyi wakapata kuvuka kwa miguu na kwa magurudumu. Daraja limeondoa hatari moja. Lakini magari yaendayo kasi yamebaki, na bodaboda zinazobeba watu watatu zimebaki.

Jambo la tatu ni namba ya gari. Zamani stika ya bima ilikuwa karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele. Siku hizi kumbukumbu yake imo katika mtambo wa TIRA, na mtu mwenye simu ya intaneti anaweza kuingiza namba ya gari akaona kama bima yake ni hai au imekwisha. Kama huna simu ya namna hiyo, mwombe kijana wako. Lakini hata kijana hawezi kukusaidia kama hujaandika namba. Jifunze kuisoma. Namba ya gari la kawaida huanza na herufi T, kisha tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Namba ya bodaboda huanza na herufi MC. Iandike katika daftari, au mpelekee mkeo au mumeo kwa ujumbe wa simu kabla gari halijaondoka. Gari likiharibika njiani na abiria wakafaulishwa katika gari jingine, andika namba ya gari hilo la pili pia, na tiketi yako usiitupe. Wengi wamesahau hilo, na baadaye wameshindwa kuonyesha kwamba walikuwa ndani ya gari lililoanguka.

Sasa tuseme ajali imetokea. Mungu atuepushe, lakini tujifunze. Kazi ya kwanza ni kuokoa uhai: majeruhi apelekwe hospitali. Kazi ya pili ni polisi. Ndugu mmoja abaki na mgonjwa, mwingine aende kituo cha polisi kutoa habari na kuchukua fomu namba 3, ambayo watu huiita PF3. Daktari huandika humo majeraha aliyoyaona. Kazi ya tatu ni kutunza karatasi. Tafuta bahasha moja, andika juu yake jina la mgonjwa na tarehe ya ajali, kisha utie humo tiketi, nakala ya PF3, vyeti vya daktari, na stakabadhi ya kila dawa na kila nauli ya kwenda hospitali. Stakabadhi ya shilingi 2,000 usiidharau. Stakabadhi 50 za namna hiyo ni shilingi 100,000. Andika pia majina ya watu wawili watatu walioona ajali, na mahali waishipo.

Baadaye uliza polisi gari lilikatiwa bima na kampuni gani, kisha peleke madai yako kwa kampuni hiyo kwa maandishi. Ubaki na nakala, na mpokeaji aigonge muhuri na kutia tarehe. Usikawie, maana madai yana muda wake. Aliyekufa hudaiwa na msimamizi wa mirathi, anayethibitishwa na mahakama. Kwa hiyo wafiwa wakimaliza matanga, wakutane kama ukoo, wamchague mtu mwaminifu, waende mahakamani, na watunze cheti cha kifo. Mjane asiachwe nyuma katika shauri hilo.

Nimefika mahali ninapotaka usikilize kuliko pote. Katika siku za maumivu pengine atakuja mtu kitandani kwako, amevaa vizuri, na fedha mkononi. Atasema, "Pole sana, mzee wangu. Pokea hizi zikusaidie. Weka dole gumba hapa." Karatasi ile inasemaje? Huenda inasema kwamba umepokea malipo yako yote, na hutadai tena neno lolote juu ya ajali ile. Ukitia dole gumba, mlango unaweza kufungwa, na mguu wako bado haujapona. Tangu leo jibu lako liwe hili: "Ahsante. Niachie karatasi nikaisome." Mtu mwema atakuachia. Mwenye hila atakasirika, na hasira yake itakuonyesha hila yake. Isome polepole. Neno usilolijua, ulize kwa mwalimu wako, au kwa mtu wa sheria. Ukiridhika kwamba fedha ni ya haki, andika jina lako kwa mkono wako mwenyewe.

Na kama kampuni inakataa kulipa, au inakuzungusha njoo kesho, njoo kesho kutwa? Usirudi nyumbani kunung'unika. Iandikie kampuni kwanza, udai jibu la maandishi. Lisiporidhisha, peleka malalamiko kwa TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ili kusikiliza ugomvi baina ya wananchi na kampuni za bima. Huko nako watakuuliza neno lile lile: maandishi yako yako wapi? Nawe utafungua bahasha yako.

Ndugu mwanafunzi, bima haizuii ajali. Dereva mlevi hazuiwi na stika. Ukimwona dereva anayumba, shuka, hata kama nauli yako inapotea. Lakini ajali ikija, bima huweza kuzuia umaskini usifuate nyuma yake: ng'ombe asiuzwe, shamba lisiwekwe rehani, mtoto asiondolewe shuleni. Fedha hiyo imekwisha kutolewa na wewe na wenzako, nauli kwa nauli. Ni haki ya mwenye kuweza kuidai kwa kalamu.

Maneno ya kuandika mara tatu katika daftari

Bima: mapatano ya wengi kutoa kidogo ili atakayepatwa asaidiwe.
Mtu wa tatu: abiria aliyelipa nauli au mpita njia anayelindwa na bima ya gari.
Fidia: malipo ya kumrudishia mtu hasara aliyoipata.
Madai: maombi ya kulipwa fidia.
Stakabadhi: karatasi ya kuonyesha kwamba umelipa.
Msimamizi wa mirathi: mtu aliyethibitishwa na mahakama kushughulikia mali na haki za marehemu.

Maswali ya kujibu darasani

1. Kwa nini chama cha kuzikana peke yake hakitoshi wakati wa mafuriko ya Lumemo?
2. Bima ndogo ya basi inamlinda nani? Je, inalinda magunia ya mchele?
3. Taja mambo manne ya kusoma katika tiketi kabla ya kupanda gari.
4. Watu 60 wametoa shilingi 1,500 kila mmoja. Jumla ni shilingi ngapi?
5. Mtu amekuletea karatasi hospitalini, anataka utie dole gumba. Utamjibu nini?

Kazi ya nyumbani: nenda stendi ya Ifakara, soma namba za magari matatu na za bodaboda mbili, uziandike katika daftari lako bila kukosea herufi hata moja. Mwalimu atazisoma, na kwa simu mtatazama pamoja ni yapi yenye bima iliyo hai.

Kwaheri, ndugu mwanafunzi. Tiketi yako iwe na jina lako.